Muulize Mama Muuguzi: "Mume wangu amerudi, lakini hajafika"

Mwezi huu barua tatu kati ya zilizonifikia zinagusa jambo moja, ingawa walioziandika hawajuani. Nimeziweka pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu aliyeiandika anaishi na tatizo hilo usiku huu huu, na nimebadilisha vitu vidogo vidogo ili asitambulike. Kwa wasomaji wapya: nimekuwa muuguzi wa afya ya akili miaka 31 hapa Dar es Salaam, sasa nimestaafu. Ninayoyaandika hayachukui nafasi ya daktari atakayemwona mgonjwa kwa macho yake.

Barua ya kwanza

Shikamoo Mama. Nakuandikia kutoka Kivule. Ni usiku, watoto wamelala, na baba yao yuko sebuleni kwenye kiti alichokielekeza mlangoni, taa amezima. Ndivyo anavyolala tangu arudi Kongo. Mwaka wa tatu sasa, kitandani anakaa kuvua viatu tu.

Mume wangu ni mwanajeshi. Alipoondoka kwenda kulinda amani alikuwa mtu wa utani, akirudi kazini mtaa mzima unajua amerudi. Siku aliyotoka huko tulimchinjia mbuzi. Alionja nyama kidogo, akaenda nyuma ya nyumba kutapika. Nikasema ni uchovu wa safari.

Mwezi uliopita mtoto wetu wa pili alitimiza miaka sita. Nikaita majirani, nikapika pilau, shangazi yake akaja na maputo. Puto moja likapasuka. Kabla sijageuka, baba yake alishamrukia mtoto, amemlaza sakafuni, amemfunika kwa mwili wake wote. Jino la mbele liling'oka palepale. Mtoto analia, damu inatoka, yeye anapiga kelele, "Kichwa chini! Kichwa chini!" Watu wakacheka. Walipoona hainuki, wakanyamaza. Alipoinuka alitutazama kama hatujui, akatoka, akarudi alfajiri ananuka pombe. Tangu siku hiyo mtaani wanamwita Komando Chizi. Watoto wa jirani wanakanyaga chupa tupu za maji nyuma yake zipasuke, kisha wanakimbia.

Mama mkwe amekuja kutoka Songea. Anasema mwanawe amerudi na majini ya Kongo, tumpeleke kwa mtaalamu mmoja Mkuranga. Mchungaji anasema ni roho ya mauti, tufunge siku saba. Mimi nilimwambia twende hospitali. Akanijibu: "Nikishaandikwa kwenye faili kwamba nina matatizo ya akili, nimekwisha. Silaha watachukua, kozi sitakwenda, wenzangu wataniita mwehu. Bora nife mzima." Watu wakiniuliza nasema ana presha. Kazini akichelewa nasema malaria.

Usiku mmoja nilimgusa bega nimwamshe aje kitandani, akanikaba shingo. Aliponitambua alilia hadi kukakucha. Hilo sijamwambia mtu ila wewe. Mama, mume wangu amekuwa kichaa? Na nikimpeleka hospitali, nitakuwa nimemharibia kazi?

*Mama wa watatu, Kivule*

Jibu

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama kwenye jino la mtoto.

Wageni wako waliona mwanaume mzima anamrukia mtoto kwa sababu ya puto. Mimi nimeona baba aliyesikia mlio na, kabla hajajua hata anachofikiri, akaweka mgongo wake kati ya mwanawe na risasi. Risasi haikuwepo. Mwili wake haukulijua hilo, na hapo ndipo ugonjwa ulipo. Mtoto akipata akili kidogo mwelezee hivyo. Asikue akidhani baba yake alimpiga siku yake ya kuzaliwa.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu: hapana, hajawa kichaa. Uliyoyaandika yote ni dalili za ugonjwa unaojulikana na unaotibika. Wodini tuliuita kiwewe. Mtu yeyote akikutana na kifo uso kwa uso, ubongo wake huwasha king'ora: moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, masikio yanasimama. Hatari ikipita, king'ora hutakiwa kuzimika, na kwa watu wengi huzimika chenyewe baada ya siku au wiki kadhaa. Kwa wengine kinakwama. Mwezi ukipita na bado mtu anaota yaleyale, anakwepa kila kinachomkumbusha, anashtushwa na mlio mdogo, na amekuwa mgeni mbele ya watu aliokuwa akiwapenda, hapo kiwewe kimeshakuwa ugonjwa. Kile kiti kinachotazama mlango ni lindo, mwanangu. Anawalinda. Na ile nyama ya mbuzi, sitashangaa siku moja akikwambia kwamba harufu ya moto na nyama ilimrudishia kitu kingine kabisa. Usimuulize. Atasema akiwa tayari.

Pombe ndiyo dawa ya usingizi aliyoipata karibu. Inampa saa mbili za giza, halafu inamwamsha saa nane za usiku na king'ora kinalia kwa nguvu zaidi. Wengi pombe ikiwashinda wanakimbilia duka la dawa kununua diazepamu. Nakuomba sana asiifuate njia hiyo. Mwili huizoea haraka, kiwewe haikitibu, na ikichanganyika na pombe mtu anaweza kuacha kupumua usingizini.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye neno "mwehu", kwa sababu mume wako halali kwa ajili ya Kongo, lakini hatibiwi kwa ajili ya neno hilo.

Aliyewahi kushuka Posta analijua Sanamu la Askari, pale Samora inapokutana na Maktaba. Limesimama pale tangu 1927, askari wa shaba, singe imeelekea bandarini. Liliwekwa kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao babu zetu ambao hakuna aliyewahi kuwauliza walirudi na nini vichwani. Miaka karibu mia moja askari yule hajakaa, hajafumba jicho. Naona tumewataka wanajeshi wetu wote wawe kama yeye. Mwanajeshi halii. Mjeda haogopi. Tunayasema kwa heshima kabisa, na mtu wa nyama na damu akisikia anajua kwamba mlango wa kusema "siko sawa" umefungwa.

Kosa hili si letu peke yetu. Katika vita hiyohiyo, Waingereza waliwapiga risasi askari wao wenyewe, wengi kwa kosa la kutoroka au la woga. Miaka mingi baadaye, mwaka 2006, serikali yao iliwasamehe askari 306 kati yao, wakiwa makaburini, kwa sababu ilionekana wazi kwamba miongoni mwao walikuwemo wagonjwa. Agosti 1943 huko Sicily, jenerali wa Marekani George Patton aliingia kwenye hospitali za jeshi akawapiga makofi askari wawili waliolazwa kwa mishipa kuchoka na vita, akiwaita waoga. Mmoja wao alipopimwa alikutwa na malaria kweli. Eisenhower, mkubwa wake, alimlazimisha kuomba radhi. Na ugonjwa wenyewe haukuingia kwenye kitabu rasmi cha madaktari wa akili wa Marekani kwa jina linalotumika leo, PTSD, yaani hiki kiwewe, hadi 1980, baada ya askari waliotoka Vietnam kupiga kelele za miaka. Jina ambalo mume wako analiogopa, madaktari wenyewe wamelikubali juzi tu.

Na hapa kwetu? Desemba 7, 2017, kambi ya walinda amani wa Tanzania pale Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa, wakauawa 15, makumi wakajeruhiwa. Nchi nzima ililia. Majeneza tuliyaona, waliopigwa risasi walibebwa kwenye machela wakatibiwa, na ndivyo inavyotakiwa. Nawafikiria wale walioshuka kwenye ndege kwa miguu yao, bila bandeji hata moja. Hao tuliwapigia makofi tukawaacha waende nyumbani.

Swali lako la pili, la kazi. Sitakudanganya kwamba faili halitaandikwa, daktari huandika. Na daktari akiona si salama kwake kushika silaha kwa sasa, silaha itawekwa kando, kama vile aliyevunjika mguu asivyopelekwa gwaride. Lakini itazame na njia anayoifuata sasa hivi. Anachelewa. Ananuka pombe. Siku moja atashtuliwa na mkubwa wake, amkabe kama alivyokukaba wewe. Faili litaandikwa siku hiyo pia, litaandikwa utovu wa nidhamu, na hakutakuwa na daktari wa kumsemea. Kati ya mafaili hayo mawili, mimi nalichagua la hospitali.

Hospitali yao ya Lugalo ndiyo mahali pa kwanza. Kama kukutana na wenzake pale kunamtia hofu, kuna Muhimbili, na kuna hospitali za rufaa za mkoa, Amana, Temeke na Mwananyamala. Mwambie pia kwamba hakuna anayempandisha basi la Dodoma. Jina la Mirembe tumeligeuza tusi la mtaani, jambo linaloniuma kwa sababu ni hospitali kama hospitali nyingine na watu wanapona pale. Hata hivyo, wagonjwa wengi wa kiwewe hawalazwi kabisa. Wanakuja kliniki asubuhi, mchana wako kwao.

Matibabu yenye nguvu zaidi ni mazungumzo, ila si mazungumzo ya kupeana pole. Ni vikao vya kila wiki, mara nyingi kati ya 8 na 16, ambamo mtu analisimulia lile tukio polepole, kwa mpangilio, na mtu anayejua kumshika asizame, hadi ubongo ukubali kwamba jambo hilo lina tarehe na lilishakwisha. Isionekane ni mambo ya Wazungu. Katika kambi ya Nakivale nchini Uganda, wakimbizi wa Rwanda na Somalia walitibiwa kwa njia hii na wakimbizi wenzao waliofundishwa kwa wiki chache, na walipata nafuu. Vipo pia vidonge, kama sertraline, ambavyo huanza kuonyesha kazi yake baada ya wiki kadhaa. Watu wengi huviacha wiki ya pili wakisema havifai. Mhimize asubiri, na asije akaviacha ghafla bila daktari kujua.

Utamfikishaje? Kwa miaka 31 nimewaona wanaume wengi wakikataa kutibiwa akili, na sikumbuki aliyekataa kutibiwa usingizi. Usimwambie una kiwewe wala usimwekee gazeti hili mezani. Mwambie, "Baba watoto, mwaka wa tatu hulali, twende wakuangalie usingizi." Ni kweli tupu, wala si hila, na daktari atayakuta mengine yote hapohapo. Kama ana mwenzake waliyekuwa naye huko anayemwamini, mwite aje wakae wawili. Kuna mambo mtu anamwambia aliyelala naye handaki moja kabla hajamwambia aliyelala naye kitanda kimoja. Usione wivu.

Mama mkwe wako mheshimu. Anamwona mwanawe amebadilika na anatumia maneno aliyonayo. Dua na maombi havigombani na kliniki. Mchungaji akija kumwombea, mkaribishe. Ninachokukataza ni kufungwa kamba, kuchapwa "ili pepo litoke", kufunga chakula kwa mtu asiyelala, na yeyote anayesema dawa za hospitali ziachwe. Akitokea mtu wa hivyo, mtoe nyumbani kwako bila kujali umri wake.

Usimwamshe kwa kumgusa. Simama upande wa miguu, mbali na mikono yake, umwite jina lake, na taa iwashwe kwanza. Mkipanda daladala muachie siti ya nyuma kabisa, mgongo ukutani. Watoto waambie masikio ya baba yamechoka, kwa hiyo maputo na chupa hapana. Na kwa sasa asilale na mtoto yeyote pembeni yake.

Sentensi moja kwenye barua yako imenikosesha raha: "Bora nife mzima." Muulize waziwazi, mkiwa wawili, kama huwa anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Mara nyingi kunampunguzia mzigo. Akisema ndiyo, au akinyamaza kwa namna ambayo wewe mkewe unaijua, usisubiri siku ya kliniki. Nendeni idara ya dharura usiku huohuo, na vitu vya hatari, dawa na sumu za panya vikiwemo, viondoke ndani. Na kama siku moja atakupiga akiwa macho, anajua anachofanya, hilo ni jambo jingine kabisa. Kiwewe hakimpi ruhusa. Chukua watoto uende kwa ndugu, matibabu yaendelee ukiwa huko.

Mwisho ni hizo presha na malaria. Najua unamlinda. Lakini kila unaposema malaria, yeye aliyeko sebuleni anasikia kwamba hata mke wangu anaona aibu na nilicho nacho. Huna haja ya kuutangazia mtaa. Anza na mama wa wale watoto wa chupa. Mwambie: "Mume wangu ana jeraha la vita, anatibiwa, mlio unamuumiza. Naomba unisaidie kwa watoto." Sijawahi kuona mama wa Kiswahili akaombwa hivyo akakataa.

Barua ya pili

Mama, mimi ni dereva wa bodaboda, kijiwe chetu kiko Gongo la Mboto. Usiku mabomu yalipolipuka Februari 2011 nilikuwa darasa la tano. Tulikimbia gizani, nikapotezana na mama hadi kesho yake mchana. Hadi leo radi ikipiga naegesha pikipiki, mikono inatetemeka. Wenzangu wananicheka, eti jeshini sijafika ila naumwa ugonjwa wa jeshi. Inawezekana kweli?

*Kijana wa kijiweni*

Jibu

Inawezekana, mwanangu, na wala huna haja ya kuomba ruhusa. Kiwewe hakiangalii kama ulivaa kombati. Kinampata aliyebakwa, aliyenusurika ajali ya basi, aliyeona nyumba ikiungua, na mtoto wa darasa la tano aliyemtafuta mama yake gizani mlipuko ukiwa nyuma yake. Umefanya vizuri kuegesha. Endelea hivyo, abiria asikuharakishe. Ukiwa umesimama, kanyaga chini kwa miguu yote miwili, toa pumzi ndefu kuliko uliyovuta, kisha taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona: duka, nguzo, mwamvuli, mbuzi, kofia yako. Ubongo utajua uko mwaka gani. Hiyo inakuvusha kwenye mvua ya leo. Kwa tiba yenyewe nenda Amana, uliza kliniki ya afya ya akili. Na huyo anayekucheka zaidi kijiweni, mwulize yeye alikuwa wapi usiku ule. Usishangae akinyamaza.

Barua ya tatu

Katika toleo lililopita mliandika kwamba wanajeshi wanaugua mawazo kwa sababu ya vita. Mimi ni askari mstaafu. Nilivuka Mto Kagera, na Aprili 1979 niliingia Kampala. Niliyoyaona hayaandikiki. Tulirudi tukapigiwa ngoma, tukaendelea na maisha. Hakuna aliyetuuliza kama tunalala. Siku hizi kijana anakwenda mwaka mmoja na kofia ya bluu, akirudi anataka kubembelezwa. Mnawafundisha vijana woga.

*Mzee wa Mbagala Kizuiani*

Jibu

Shikamoo Mzee wangu. Hukuniuliza swali, lakini barua yako ndiyo niliyoishika muda mrefu kuliko zote, maana mwandiko wake ungeweza kuwa wa baba yangu.

Baba alivuka mto huohuo. Alikuwa mgambo, akachukuliwa baada ya Mwalimu kutuambia ile Novemba 1978 kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Alirudi katikati ya 1979, mimi nikiwa na miaka kumi. Ngoma nazikumbuka. Nakumbuka pia kilichofuata, ambacho hakikupigiwa ngoma.

Tulikuwa tunaishi Kongowe na yeye akifanya kazi mjini. Kila asubuhi basi likikaribia daraja la Mzinga, baba alimwomba konda amshushe. Alivuka daraja kwa miguu, haraka haraka, bila kutazama maji, kisha akasubiri basi jingine upande wa pili. Jioni hivyohivyo. Miaka yote. Mama yangu kila alfajiri alimwekea mezani nauli mbili, sarafu zimepangwa mafungu mawili, na hakuna neno lililosemwa. Majirani wakiuliza, mama alisema mume wake anapenda kunyoosha miguu. Watoto wenzangu walikuwa na jina lao la kumwita, sitaliandika. Baba hakuwa mwoga, Mzee wangu. Mtu mwoga asingelivuka lile daraja mara mbili kwa siku kwa miaka karibu thelathini.

Aprili 29, 2009, mabomu ya Mbagala yalipolipuka, wewe mwenyewe ulikuwepo, huhitaji nikusimulie. Baba alikuwa amekwenda Mbagala Kuu kumsalimia rafiki yake. Tulimtafuta hadi jioni. Tulimkuta kwenye mtaro, amelala kifudifudi juu ya watoto wanne wa shule, si wetu, hatuwajui. Watoto wazima wote, wameloa tu na tope. Milio ilikuwa imekwisha saa nyingi na wale watoto wanamwambia, "Babu tuachie," na yeye hainuki. Nilikuwa muuguzi wa miaka 16 kazini. Nikashuka mtaroni na sare zangu nikakaa naye.

Giza lilipoingia akaanza kusema. Akanisimulia Kyaka, daraja lililokuwa limelipuliwa na la muda walilolivukia, na nani alikuwa mbele yake, na jina la huyo aliyekuwa mbele yake, na kijiji chake, na alivyokuwa akiimba. Miaka 30, Mzee wangu, na sikuwahi kulisikia jina hilo. Alipomaliza akaniuliza, "Hii ndiyo kazi yako, siyo? Ya watu wa namna hii?" Nikamwambia ndiyo, baba. Akasema, "Basi kesho unipeleke."

Kwa hiyo nakuuliza wewe, kwa heshima zote. Uliandika hakuna aliyewauliza kama mnalala. Nimelisoma neno hilo mara nyingi, na sidhani uliliandika kwa kujisifu. Unalala? Na mke wako angejibu nini? Vijana wanaorudi leo wangekusikiliza wewe kuliko mimi, kwa sababu ulikuwepo Kampala. Niandikie tena, hata kama ni kunigombeza.

Baba alihudhuria kliniki mwaka mmoja na miezi. Hakuwa mtu mwingine. Milango aliendelea kuikagua usiku. Lakini asubuhi moja ya Jumamosi tulipanda basi wote kwenda mjini, na Mzinga ilipokaribia, konda, kijana mgeni asiyemjua, hakusimama, na baba hakumwambia asimame. Alinishika mkono kwa nguvu hadi vidole vikafa ganzi. Tulipofika upande wa pili akauachia, akatia mkono mfukoni, akanipa nauli ya pili. "Mrudishie mama yako," akasema.